Kibofu cha Mtu wa Pemba Bado Hakijachorwa

Miaka michache nyuma nilimsindikiza mjomba wangu spitali. Mjomba ni mkulima wa mpunga, umri wake wote ameupitisha mabondeni, maji ya vifundoni, na kwa muda mrefu alikuwa akikojoa damu akisema ni jua. Walipompima kwa ultrasaundi waliona figo moja imevimba kwa kuwa mkojo haukuwa ukipata njia ya kushuka. Daktari, kijana mpole sana, alichukua bahasha ya dawa, akaigeuza, akachora kwa kalamu mfano wa maharage mawili, mirija miwili na mfuko chini yake. Kwenye mrija mmoja akatia alama.

"Hapa pameziba, mzee wangu. Hiki ni kichocho cha siku nyingi."

Mjomba aliitazama ile bahasha, kisha akauliza: "Dokta, mwanangu, hicho kidudu kinakaa kwenye mkojo au kinakaa kwenye damu?"

Ni suala zuri kuliko mengi niliyowahi kuyasikia darasani. Daktari alijibu sawasawa, kwamba kinakaa kwenye damu, lakini bahasha haikuweza kumsaidia. Haikuwa na mshipa hata mmoja wa damu, wala unene wa ukuta wa kibofu, wala ile nyama iliyo baina ya mshipa na mkojo ambamo ndimo madhara yote yanamotokea. Tulirudi nyumbani mjomba akiwa na yakini kwamba kidudu kinaogelea ndani ya mfuko wa mkojo, na kwamba akinywa madafu kwa wingi kitatoka.

Simlaumu daktari hata kidogo. Nje kulikuwa na msururu wa watu, na alichokuwa nacho mkononi ni kalamu. Ninalojiuliza tangu siku ile ni jengine: kijana yule alifundishwaje kibofu? Kwa ninavyoyajua madarasa yetu, alifundishwa kwa picha ya kitabu, ya rangi, safi, kibofu cha mtu asiye na maradhi, kilichotazamwa kutoka upande mmoja. Hakupata kukigeuza kibofu chenye kichocho, akauambua ukuta wake tabaka kwa tabaka, akaufuata mrija kutoka figo mpaka unapoingilia. Chombo cha kumwezesha kufanya hivyo kipo duniani, nacho ni mfano wa kiungo uliochorwa na kompyuta kwa pande tatu, unaozungushwa na kukatwa kwa kidole. Hoja yangu ni kwamba tunakosea tunapousubiri uje kwenye kontena. Kibofu hicho inafaa kichorwe hapa, kutokana na miili ya watu wa hapa, kikabandikwa maneno ya watu wa hapa.

Nianze na namna kinavyochorwa, kwa sababu wengi wanadhani ni kazi ya mchoraji hodari tu. Mwaka 1971 mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya CT katika spitali moja ya London, kwa mashine aliyoibuni mhandisi Godfrey Hounsfield. Mashine hiyo hupitisha eksirei mwilini kutoka kila upande, halafu kompyuta hukokotoa sura ya kipande chembamba cha mwili, kana kwamba mtu amekatwa kama boflo bila ya kuguswa na kisu. Kila nukta ya kipande hupewa namba kulingana na ilivyoizuia miale: maji ni 0, hewa ni kama 1000 chini ya sifuri, mfupa hupanda mamia mpaka elfu na zaidi. Vipange vipande kimoja juu ya chengine, unalirudisha boflo zima, boflo la namba. Halafu mtu hukaa akaonyesha, kipande baada ya kipande, namba zipi ni za figo na zipi ni za nyama ya jirani. Hapo ndipo penye jasho.

Mwaka 1987 William Lorensen na Harvey Cline wa kampuni ya General Electric walichapisha njia ya kuligeuza rundo la namba kuwa ngozi ya pembetatu ndogondogo. Fikiria juya lililovikwa juu ya jiwe, kila fundo limekamata mahali pake, na baina ya mafundo nyuzi zimekazwa. Kompyuta inazijua pembetatu kuliko kitu chochote chengine. Ikizichora mara thelathini au sitini kwa sekunde, jicho linaona kiungo kimoja kinachogeuka. Tangu 2011 hata vivinjari vya kawaida vya intaneti vinaweza kazi hiyo bila ya kuwekewa programu ya ziada, na simu anayotembea nayo mwanafunzi wa leo ina nguvu ya kuubeba moyo mzima na vali zake.

Uzito wa jambo umo kwenye kule kugeuza. Picha ya kitabu inajibu suala alilolichagua mchoraji. Mfano unaotii kidole unajibu suala la mwanafunzi. Chukua ukuta uliogawa vyumba viwili vikubwa vya moyo. Galen, tabibu wa zama za Warumi, alifundisha kwamba ukuta huo una vitundu visivyoonekana, damu inapenya kutoka kulia kwenda kushoto, na dunia iliamini hivyo kwa zaidi ya miaka elfu. Mwaka 1242 Ibn al-Nafis, mtu wa Damascus aliyefanya kazi Cairo, aliandika katika sharhe yake juu ya anatomia ya Ibn Sina kwamba ukuta ule ni mzito na hauna tundu, na kwamba damu haina budi kuzunguka kupitia mapafuni. Mwanafunzi mwenye moyo kwenye skrini anaweza kuubakisha ukuta huo peke yake, akaugeuza juu chini akitafuta tundu. Asipoliona, atalazimika kuitafutia damu njia nyengine, na akiifikia mapafuni kwa akili yake haitomtoka tena.

Sasa tuulize: moyo huo wa kwenye skrini ni wa nani?

Wanafunzi wengi hawajui kwamba suala hilo lina jibu, na jibu lenyewe ni la mtu halisi. Mwaka 1994 Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ilitoa kwa watafiti picha za mwili mzima wa mwanamume. Alikuwa mfungwa wa Texas aliyeuawa kwa hukumu ya kifo, kwa sindano ya sumu, mwaka 1993, naye alikuwa ameutoa mwili wake kwa ajili ya sayansi. Mwili uligandishwa, ukasagwa milimita moja moja, na kila uso uliojitokeza ukapigwa picha: vipande 1,871. Mwaka uliofuata akafuata mwanamke wa miaka 59, kwa vipande vyembamba zaidi, theluthi ya milimita, zaidi ya 5,000. Kutokana na watu hao wawili zilitengenezwa atlasi za mwili na programu nyingi sana zilizoenea duniani.

Naiheshimu kazi hiyo, na nawaombea wale wawili wanaostahiki kuombewa na kila mtu aliyejifunza kupitia kwao. Lakini tazama walivyokuwa. Mwanamume yule hakuwa na kidole tumbo, kilikuwa kimeshatolewa, na alikuwa na korodani moja. Mwanamke alikuwa ameshapita umri wa hedhi, kwa hiyo mji wake wa mimba ulikuwa umeshasinyaa. Mkunga mwanafunzi anayetaka kuelewa nyonga ya mwanamke wa miaka 22 aliye na uchungu hapati kwake anachokitafuta. Wachina na Wakorea waliliona hilo mapema. Nakala ya Marekani walikuwa nayo, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakaamua hata hivyo kutengeneza ya watu wao. Wajapani nao walitoa mkusanyiko wa viungo vya pande tatu ambao yeyote anaruhusiwa kuutumia.

Sisi tunakosa nini katika mikusanyiko hiyo yote? Naanza na kibofu cha mjomba, na hapa naomba subira ya msomaji, kwa sababu bila ya kukifuata kidudu chenyewe hatua kwa hatua haitofahamika kwa nini picha bapa inashindwa.

Kidudu cha kichocho cha mkojo huingia kupitia ngozi, pale mtu anaposimama kwenye maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, yenye konokono wa aina ya Bulinus. Hupita na damu mpaka mapafuni, kisha hukulia katika mishipa ya ini. Huko dume na jike hukutana. Jike hulala ndani ya mfereji uliomo mwilini mwa dume, na wawili hao husafiri pamoja, kinyume cha mkondo wa damu, mpaka kwenye vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, zile ndogo zinazokizunguka kibofu. Ni viumbe wa sentimita moja mpaka mbili, na huweza kukaa hapo miaka. Jike hutaga kila siku. Yai lina mwiba mwishoni, na kazi yake ni kupenya kutoka kwenye mshipa, kuuvuka ukuta wa kibofu na kuangukia kwenye mkojo. Yanayofanikiwa hutoka na damu. Yasiyofanikiwa hunasa ukutani, mwili unayazingira, kovu linafanyika, chokaa inaingia, ukuta unakakamaa, na pale mrija wa figo unapoingilia kibofu njia inabana. Figo inaanza kuvimba huko juu, mahali ambapo hakuna kidudu hata kimoja.

Umeona safari hiyo? Ngozi ya mguu, pafu, ini, kibofu, figo. Hakuna ukurasa wa kitabu unaoweza kuibeba, na darasani kila kituo kinafundishwa na mwalimu wake, siku yake, kwenye somo lake. Katika mfano wa kompyuta mwanafunzi anaweza kuingia na kidudu mguuni na kufuatana nacho. Anaweza kusimama ndani ya mshipa na kutazama ukuta kwa upande wa damu, halafu akavuka akautazama kwa upande wa mkojo. Anaweza kuivuta mbele miaka kumi na kuona mrija unavyobana na figo inavyojaa. Na kwa mchoraji pana nafuu moja: chokaa kwenye picha ya CT hung'ara kama mfupa, kwa hiyo ukuta uliokakamaa ni mwepesi kuutenga kuliko wenye afya.

Ujuzi wa kidudu hiki umejaa hapa kuliko karibu popote. Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iko Wawi, Chake Chake, tangu 2000. Katika muongo wa 2010 Unguja na Pemba zilikuwa uwanja wa utafiti mkubwa wa kukitokomeza kichocho cha mkojo. Watafiti walitoka Ulaya kuja kuhesabu konokono kwenye vijito vyetu na mayai kwenye mikojo ya watoto wa skuli zetu. Kibofu kinachosomwa namna hiyo na dunia nzima bado hakina mfano ambao mwanafunzi wa skuli ya afya ya Mbweni anaweza kuufungua kwenye simu yake. Naliona hilo ni pengo la aibu, na ni pengo linalozibika.

Wanawake wanaliona pengo hilo kwa uchungu zaidi. Mayai yaleyale hunasa kwenye shingo ya uzazi, yakaleta vidonda na damu, na mama wa watu aliyeshinda bondeni akipanda mpunga akatazamwa kama mwenye maradhi ya zinaa. Daktari aliyewahi kuona kwa macho jinsi mishipa ya kibofu inavyoungana na mishipa ya uzazi hatokimbilia shutuma hiyo.

Tena kuna maneno. Ukinipa nichague baina ya mfano mzuri wenye majina ya Kiingereza na mfano wa wastani wenye majina yetu, nachukua wa pili bila ya kufikiri mara mbili.

Daktari wetu anasoma kwa lugha ya kigeni kisha anakwenda kukaa mbele ya bibi wa Micheweni. Bibi anasema: "Mshipa unaniuma." Mshipa upi? Kwa Kiswahili chetu mshipa ni njia ya damu, ni neva, ni kano, na mtu mwenye ngiri naye husemwa ana mshipa. Au bibi anasema ana chango. Chango ni utumbo mwembamba, na ni mnyoo, na ni maumivu ya mwanamke chini ya kitovu. Anasema moyo unamchoma, na mkono ameuweka kwenye chembe, ambapo aghlabu panapochoma ni umio au mfuko wa chakula. Lakini siku moja katika nyingi itakuwa moyo kweli, na hapo ndipo roho ya mtu inapopotea. Tumbo ni mfuko wa chakula, ni eneo zima la mbele, ni uja uzito. Wengine wanasema bandama, wengine wengu, na wazee wengine figo wanaiita nso.

Nimewasikia watu wakisema huu ni upungufu wa Kiswahili. Sikubaliani nao. Bibi anayesema "mshipa" anataja kitu kirefu, chembamba, kinachopita ndani na kinachovuta, na hilo amelihisi kwa usahihi kabisa. Lililobaki ni kazi ya daktari: kujua ni kipi katika vinne. Sasa fikiria mfano ambao ukiligusa neno "mshipa" unawasha vyote vinavyoitwa hivyo, ateri kwa rangi yake, vena kwa yake, neva, kano, na ule upenyo wa kinena ambamo ngiri hushukia. Halafu unauliza, mgonjwa ameweka mkono wapi, na maumivu yanakwenda wapi anapokohoa? Ukigusa chembe, unaona nini kiko nyuma ya chembe kwa mpangilio: ngozi, msuli, ncha ya ini, mfuko wa chakula, kongosho, na juu ya kiwambo, moyo. Katika atlasi za kigeni nilizozipitia sijakuta iliyofikiria kufanya hivyo, kwa kuwa waliozitengeneza hawakuwa na mgonjwa wa namna hii. Kazi hii ni ya mtu aliyelelewa na lugha yenyewe. Baraza la Kiswahili la Zanzibar lipo, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kimerithi Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, ile tuliyoizoea kwa jina la TAKILUKI. Wakae na wakunga na madaktari wachache kwa miezi kadhaa, wazikusanye lugha za maumivu za Unguja na Pemba, shehia kwa shehia.

Nije kwenye jambo ambalo wengi hulizungumza kwa sauti ya chini: maiti. Anatomia imefundishwa kwa kuwapasua wafu tangu tabibu Vesalius wa Ulaya alipokitoa kitabu chake mwaka 1543 na kabla yake. Kwetu sisi maiti huoshwa, hukafiniwa, huswaliwa na kuzikwa haraka, na kila mtoto wa chuoni ameisikia hadithi iliyopokewa kwa Bibi Aisha, kwamba kuuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja wa aliye hai. Ibn al-Nafis mwenyewe aliandika kwamba sharia na huruma aliyokuwa nayo vilimzuia kupasua. Mwaka 1987 Baraza la Fiqhi la Rabita, jumuiya ya Waislamu wa dunia, huko Makka liliruhusu upasuaji wa maiti kwa mafunzo ya tiba, kwa masharti na kwa kiasi cha haja. Kwa hiyo mlango umefunguliwa, na umefunguliwa kwa kipimo. Mfano wa kompyuta unakuja hasa kwenye neno hilo, haja. Kadiri mwanafunzi anavyoweza kujifunza mengi bila ya maiti, ndivyo idadi ya maiti inayohitajika inavyopungua, na ile inayotumika inatumika kwa adabu zaidi, na mwanafunzi aliyejiandaa.

Mifano yetu wenyewe nayo inaleta suala lake la sitara. Picha ya CT ya kichwa, ukiijenga kwa pande tatu, inatoa sura ya mtu. Na katika visiwa ambavyo sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773, sura hujulikana. Kufuta jina kwenye faili hakutoshi. Ngozi ya nje iondolewe tangu mwanzo, kichwa kisitumike pasipo haja, mgonjwa au walii wake aombwe ruhusa kwa lugha anayoielewa, na nyonga ya mwanamke isijengwe bila ya kuwapo madaktari na wakunga wanawake wanaosimamia. Napendelea hata mfano mmoja uundwe kwa kuchanganya vipimo vya watu kadhaa, ili usiwe mwili wa bibi fulani. Wapo watakaosema masharti haya yatachelewesha kazi. Na yachelewe. Mtu akiingia kwenye mashine ya CT akiwa mgonjwa ameweka amana yake.

Yapo mambo ambayo skrini haiwezi, na anayeuza vifaa hatokwambia. Skrini haina ugumu wa ini lililokauka wala joto la tumbo lenye usaha. Mikono inafundishwa na mikono. Halafu kuna onyo la kitaalamu ambalo naona limesahauliwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Canada, walichunguza mwanzoni mwa miaka ya 2000 namna wanafunzi wa udaktari wanavyojifunza maumbo kwenye kompyuta, na wakakuta kwamba kuwaonyesha pande nyingi za kiungo hakukuwapa faida kubwa kama ilivyotarajiwa. Wale wanaopata taabu kuliwazia umbo kichwani walikuwa afadhali wapewe pande chache za msingi. Kugeuzageuza tu hakufundishi. Mwanafunzi anageuza kwa sababu ana jambo analolitafuta, na mwalimu ndiye wa kumpa jambo hilo. Kwa hiyo kila mfano uje na masuala yake: ingia kwa kidudu, toka kwa yai, niambie umevuka kuta ngapi.

Ndiyo maana meza zile kubwa za kielektroniki za anatomia, zinazouzwa kwa makumi ya maelfu ya dola, hazinivutii kwa sasa. Moja inawekwa chumbani, chumba kinafungwa, ufunguo anao mtu mmoja. Fedha hizo zinaweza kulisha timu ya vijana kwa muda mrefu. Blender, programu ya kuchora maumbo ya pande tatu, ni ya bure; 3D Slicer, ya kuzitenga sehemu za mwili kwenye picha za spitali, ni ya bure. Mwaka 2023 watafiti wa Spitali ya Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, walitoa programu, nayo bure, inayotenga yenyewe sehemu zaidi ya 100 za mwili katika picha ya CT; kazi ya wiki inakuwa ya dakika, ingawa lazima mtu mjuzi akae akasahihishe, kwani programu iliyojifunza kwa wagonjwa wa Uswisi haina sababu ya kukijua kibofu chenye chokaa.

Na watu wapo. Tuna chuo kikuu kimoja cha taifa chenye skuli ya afya Mbweni, skuli ya kompyuta na wataalamu wa Kiswahili chini ya uongozi mmoja. Tawi la IIT Madras lilifunguliwa mwaka 2023 huko Bweleo na linafundisha sayansi ya data. Mafunzo ya udaktari tulianzishiwa na walimu wa Cuba kutoka Chuo Kikuu cha Matanzas, na madaktari wa Kichina wamekuwa nasi tangu miaka ya 1960; tunawashukuru, na shukurani hiyo haituzuii kuandaa kitu chetu cha kuwaonyesha. Mtoto wa kompyuta wa mwaka wa tatu anayetafuta mradi wa kumalizia shahada akutanishwe na mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa tatu. Wapewe kibofu kimoja, mwaka mmoja. Kikimalizika, wafuatao wachukue nyonga, waonyeshe jinsi mlango wa juu ulivyo mpana ubavu kwa ubavu na wa chini ulivyo mpana mbele na nyuma, na kwa nini kwa hiyo mtoto hana budi kugeuka njiani. Mkunga akiliona hilo mara moja hatomsukuma mama kabla ya wakati. Halafu bandama la mtoto mwenye siko seli, linavyovimba utotoni na linavyosinyaa baadaye mpaka likapotea kazini.

Sharti jengine: mfano ukae kwenye simu yenyewe, usitegemee mtandao. Waliokuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 hawahitaji kuelezwa maana ya miezi mitatu bila ya umeme wa gridi. Faili la kibofu likipunguzwa vizuri ni megabaiti chache. Linaweza kupitishwa kwa mkono, kutoka simu kwenda simu, mpaka Mkoani, mpaka Konde, mpaka kwenye kituo cha afya chenye muuguzi mmoja na betri ya jua.

Kabla hakijaingia darasani, nataka kibofu hicho kipelekwe kwanza bondeni. Waketi wakulima chini ya mwembe, wanaume upande wao na wanawake upande wao, na vijana wawili walioutengeneza, waulizwe: hiki mnakiitaje? Na hiki? Mkikojoa damu mnasema nini, na mkono mnauweka wapi? Majina yasahihishwe palepale. Mjomba atakuwepo, nimeshamwambia. Figo yake moja haikurudi kama ilivyokuwa, lakini macho yake ni mazima, na suala lake hajaliacha. Nitampa simu mkononi nimwambie ageuze mwenyewe, afungue ukuta, atafute. Nataka kumuona anauweka ule ukucha wake wa mkulima juu ya mshipa wenyewe, nje ya mkojo, na kusema: "Kumbe kimo humu."